Jina na Namba: Mji wa Postville na Wafanyakazi Wake





Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya haki ya mfanyakazi mgeni. Tungeweza kuanza na nyaraka za Mababa Watakatifu, nazo tutazigusa mbele. Lakini tumeona ni afadhali tuwapeleke kwanza katika mji mmoja mdogo, tuutazame kwa utulivu, ndipo tupime, na mwisho tuamue la kutenda. Mji huo uko mbali nasi, katika nchi ya Marekani. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu hudhani kwamba katika nchi tajiri mnyonge hulindwa na sheria hata asipokuwa na mtu wa kumsemea. Pili, katika mji huo parokia moja ndogo ilijikuta siku moja, pasipo kutazamia, ikiwa kimbilio la mamia ya watu. Yaliyotendwa na parokia ile yanaweza kutendwa na parokia yoyote, hata hii yetu.

1. Mji wenyewe

Postville ni mji wa kaskazini-mashariki mwa Iowa, nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1990 wakazi wake hawakufika 1,500; katika sensa ya mwaka 2020 walikuwa kama 2,500. Wenyeji wake wa zamani ni wajukuu wa watu waliotoka Ujerumani, Norwe na Ireland. Wengi wao ni Walutheri, na Wakatoliki wana parokia yao ya Mtakatifu Brigida, iliyo chini ya Jimbo Kuu la Dubuque. Katika mji wa ukubwa huo watu hujuana kwa majina, na kila mmoja anajua shamba la mwenzake linaanzia wapi.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu kwa wakulima wa Iowa. Bei za mazao zilishuka, riba za mikopo zilipanda, na wengi walinyang'anywa mashamba na mabenki. Kiwanda cha nyama cha Postville nacho kilikuwa kimefungwa. Mwaka 1987 mfanyabiashara wa nyama kutoka Brooklyn, New York, aitwaye Aaron Rubashkin, alikinunua kiwanda kile kilichoachwa akaanzisha kampuni ya Agriprocessors. Yeye alikuwa Myahudi wa madhehebu ya Kihasidi, na nyama aliyoitengeneza ilikuwa ya kosher, yaani iliyochinjwa na kutayarishwa kwa kufuata sheria ya dini ya Kiyahudi. Marabi na wachinjaji wakahamia Postville pamoja na familia zao. Baada ya miaka michache kiwanda hicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya aina yake nchini Marekani.

Kiwanda cha nyama chahitaji mikono mingi. Kazi ni ya visu, damu, baridi na maji ya kuteleza, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Wenyeji wachache waliitaka. Kwanza walikuja watu wa Ulaya ya Mashariki, kisha watu wa Meksiko na Guatemala. Waguatemala wengi walikuwa wa kabila za Wamaya, wakulima wadogo wa nchi iliyoteswa na vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1960 hadi 1996. Kwa wengine Kihispania chenyewe kilikuwa lugha ya pili.

Basi mji uliokuwa ukifa ukafufuka. Nyumba zilipata wapangaji, maduka yalipata wanunuzi, shule ilipata watoto. Wakuu wa mji walibuni msemo wa kuutambulisha, kwamba Postville ni kwao na ulimwengu. Nayo ilikuwa kweli: pamoja na Myahudi mwenye ndevu ndefu na mkulima Mlutheri, mama Mmaya aliyebeba mtoto alipita katika barabara ileile.

Lakini palikuwa na jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Wafanyakazi wengi hawakuwa na kibali cha kuishi wala kufanya kazi Marekani. Waliajiriwa kwa karatasi zisizo zao, zenye jina jingine na namba ya hifadhi ya jamii iliyobuniwa au iliyokuwa ya mtu mwingine. Kiwanda kiliwahitaji, na mji ulikula matunda ya jasho lao. Huko kiwandani waliitwa kwa majina yale ya karatasi. Kanisani waliitwa kwa majina yao ya ubatizo. Tunawaomba mlikumbuke jambo hili la majina, maana tutalirudia.

2. Tarehe 12 Mei 2008

Asubuhi ya Jumatatu hiyo helikopta zilionekana juu ya mji, na mamia ya maafisa wa serikali ya Marekani wakakizingira kiwanda. Walikamata watu 389. Karibu robo tatu yao walikuwa Waguatemala, na waliobaki karibu wote walikuwa watu wa Meksiko. Walipelekwa mji wa Waterloo, zaidi ya saa moja kwa gari, wakawekwa katika uwanja wa maonyesho ya mifugo. Mahakama nayo ilihamishiwa uwanjani hapo, ikasikiliza kesi katika ukumbi wa dansi na katika vyumba vya matela. Watuhumiwa waliletwa kumi kumi, wakiwa wamefungwa minyororo mikononi, kiunoni na miguuni.

Kwa desturi, mtu aliyekutwa bila kibali hurudishwa kwao kwa hatua za kiidara. Safari hii serikali iliamua kuwashtaki kwa jinai. Walitishiwa shtaka la wizi wa utambulisho wa mtu mwingine, ambalo adhabu yake haipungui miaka miwili gerezani. Kisha walipewa nafasi ya kuchagua: ukikubali kosa dogo zaidi, la kutumia namba ya uongo, utafungwa miezi mitano na kurudishwa kwenu, ukikataa, utasubiri kesi rumande kwa miezi mingi, na mwisho huenda ukafungwa miaka miwili. Walipewa siku saba za kuamua. Wakili mmoja alikuwa na wateja wengi kwa mara moja. Karibu watu 300 walikiri, na wengi wao walipewa ile miezi mitano.

Miongoni mwa wakalimani wa mahakama alikuwamo Erik Camayd-Freixas, profesa wa chuo kikuu huko Florida. Kwa desturi mkalimani hutafsiri na kunyamaza. Yeye dhamiri ilimsumbua. Aliandika taarifa ndefu juu ya aliyoyaona, na Julai 2008 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Alieleza kwamba wengi wa watu wale hawakuelewa hata namba ya hifadhi ya jamii ni kitu gani. Walikiri kwa sababu moja: walikuwa na watoto wanaongojea chakula, na miezi mitano ilikuwa njia fupi kuliko zote ya kuwarudia.

Hatupendi kuficha lolote. Kuingia nchi ya watu bila kibali ni kuvunja sheria ya nchi hiyo, na kila taifa lina haki ya kulinda mipaka yake. Kanisa halijafundisha vinginevyo. Lakini twauliza: kuna uzito gani wa haki pale anayetumia karatasi ya uongo apate kukata kuku anapofungwa minyororo siku ileile, na siku hiyo hakuna mwenye kiwanda hata mmoja anayekamatwa?

3. Parokia ya Mtakatifu Brigida

Habari zilipoenea, watu walikimbilia kanisani. Walikuja wake waliokuwa hawajui waume zao wako wapi, na vijana waliorudi kutoka shuleni wakakuta nyumba tupu. Wengine hawakuwa wamekamatwa, ila waliogopa kulala majumbani mwao. Mamia ya watu walilala ndani ya kanisa, juu ya mabenchi na sakafuni, siku baada ya siku.

Parokia wakati huo iliongozwa na mtawa, Sista Mary McCauley, wa Shirika la Masista wa Upendo wa Bikira Maria. Hakuwa na jeshi wala hazina. Alifungua mlango. Padre Paul Ouderkirk, aliyekuwa amewahi kuitumikia parokia hiyo na ambaye tayari alikuwa amestaafu, alirudi kusaidia. Waumini walipika, wakaandika orodha za waliopotea, wakatafuta wanasheria, wakaketi na watoto. Walutheri walileta misaada, na michango ya watu wa dini mbalimbali ikafika kutoka mbali.

Makumi ya akina mama waliachiliwa ili walee watoto wao, lakini kila mmoja alifungwa mguuni kifaa cha kielektroniki cha kumfuatilia. Hawakuruhusiwa kufanya kazi, wala hawakuruhusiwa kuondoka. Kwa miezi mingi parokia iliwalipia kodi ya nyumba na kuwapa chakula. Katika mji ule mtu aliweza kuwaona wakienda kanisani Jumapili, kifaa kikionekana chini ya pindo la sketi.

Lakini parokia haikuishia katika kugawa unga na mablanketi. Tarehe 27 Julai 2008 watu zaidi ya 1,000 waliandamana Postville. Wakatoliki na Walutheri walitembea bega kwa bega na Wayahudi waliotoka Chicago na Minnesota. Wayahudi hao walikuja kusema kwamba sheria ya dini yao inayosimamia namna ya kumchinja mnyama haiwezi kunyamaza juu ya namna ya kumtendea mtu anayeikata nyama. Tayari kabla ya msako, rabi mmoja wa Minnesota alikuwa ameanza kudai kwamba chakula cha kosher kipimwe pia kwa haki anayotendewa mfanyakazi. Twalitaja hili kwa makusudi, maana wako waliotaka kuugeuza mkasa wa Postville uwe chuki dhidi ya Wayahudi. Dhambi ya unyonyaji haina kabila wala dini.

Hapa ndugu zetu tujifunze tofauti ya mambo mawili. Kumpa mwenye njaa chakula ni huruma. Kuuliza kwa nini ana njaa, na kumwuliza yule anayepaswa kujibu, ni haki. Parokia ile ilifanya yote mawili, wala haikungoja limalizike la kwanza ndipo ianze la pili.

4. Baada ya tufani

Mwezi wa Agosti 2008 wakaguzi wa kazi wa Iowa walitangaza kwamba wamegundua watoto 57 walioajiriwa kiwandani kinyume cha sheria. Kampuni ilifilisika Novemba mwaka huohuo. Sholom Rubashkin, mtoto wa mwenye kampuni na msimamizi wa kiwanda, alishtakiwa. Mwaka 2009 alitiwa hatiani kwa udanganyifu wa mikopo ya benki, na mwaka 2010 akahukumiwa miaka 27. Katika kesi nyingine, ya kuajiri watoto, baraza la mahakama lilimwona hana hatia. Wanasheria wengi mashuhuri walisema kifungo cha miaka 27 kilizidi kipimo, na Desemba 2017 Rais Trump alikipunguza akaachiliwa. Nasi twasema wazi: adhabu ikizidi kipimo, imezidi kipimo hata kama aliyeadhibiwa ni tajiri. Haki tunayomdai maskini hatuwezi kumnyima mwingine. Lakini mwone pia hili: kilichomfunga mwajiri ni deni la benki. Kwa mikono ya watoto waliofanya kazi pale, yeye hakufungwa.

Na ile sheria iliyotumiwa kuwatisha wafanyakazi? Tarehe 4 Mei 2009, karibu mwaka mmoja baada ya msako, Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kesi ya mfanyakazi mwingine, Flores-Figueroa, aliyetoka Meksiko. Majaji wote walikubaliana: mtu hawezi kutiwa hatiani kwa wizi wa aina ile isipothibitishwa kwamba alijua namba aliyoitumia ni ya mtu mwingine. Kwa maneno mengine, tishio lililowafanya watu wa Postville wakubali kufungwa lilisimama juu ya msingi ambao kwa wengi wao usingethibitika. Uamuzi huo ulipotoka, walikuwa wamekwisha kutumikia kifungo na kurudishwa kwao. Haki ilifika, ikakuta nyumba imefungwa.

Mji wenyewe uliumia. Wapangaji waliondoka, maduka yakakosa wanunuzi, madawati ya shule yakabaki wazi. Kampuni ilihangaika kutafuta watu wengine, hata ikawaleta wafanyakazi kutoka visiwa vya Palau katika Bahari ya Pasifiki. Walikuja pia Wasomali, waliokuwa na vibali halali vya ukimbizi. Hao wametufikia karibu zaidi, maana Wasomali wengi walioko Marekani walipitia kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya. Mtu aliyekimbia vita, akaishi kambini miaka mingi, alijikuta amesimama mbele ya mkanda uleule wa nyama, katika nafasi iliyoachwa na Mmaya. Mwaka 2009 kiwanda kilinunuliwa na mfanyabiashara wa Kanada, kikaendelea kwa jina la Agri Star.

Yako pia ya kumshukuru Mungu. Baadhi ya akina mama na vijana, kwa kuwa walithibitika kuwa wahanga wa uhalifu kazini, walipata baadaye viza halali, na wengine wakarudi kuishi Postville kwa majina yao wenyewe. Watoto waliolala sakafuni mwa kanisa mwaka 2008 sasa ni watu wazima.

5. Tunapima kwa kipimo gani?

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Postville ilipona kwa mikono ya wageni. Lakini walisema pia: Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Serikali ilipotaka kuionyesha nchi kwamba sheria ina meno, meno hayo yaliuma nyasi.

Torati iliwaamuru Waisraeli wamtendee mgeni kama mzalia, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Iliamuru pia kibarua alipwe kabla jua halijatua, awe ndugu au mgeni. Mtume Yakobo alionya kwamba ujira uliozuiliwa hulia mbele za Mungu. Na Bwana wetu, katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, amejihesabu yeye mwenyewe miongoni mwa wageni na wafungwa. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mshahara wa haki hautoki katika mapatano tu, maana mwenye njaa hukubali lolote. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alieleza kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na thamani ya kazi hutokana na huyo anayeifanya.

Basi turudi kwenye jambo la majina. Kiwanda kilijua namba. Mahakama ilijua namba, na kwa ajili ya namba ikawafunga watu. Parokia ilijua majina. Palipotokea shida, watu hawakukimbilia ofisi iliyokuwa na namba zao. Walikimbilia mahali walipoitwa kwa jina. Hicho ndicho kipimo tunachowaomba mchukue mkirudi nyumbani. Udhalimu huanza pale tunapokubali kula matunda ya jasho la mtu ambaye hatutaki kumjua. Aliye na jina kwetu, tutamwulizia asipoonekana. Asiye na jina, hata akitoweka usiku mmoja na wenzake 388, tutakachouliza ni nani atakayefanya kazi yake kesho.

Tusiseme hayo ni ya Marekani. Katika mitaa yetu kuna msichana wa kazi za nyumbani ambaye jirani hajui alikotoka. Kuna mlinzi wa usiku anayeitwa kwa jina la kabila lake tu, na kibarua wa machimbo ya kokoto asiye na mkataba. Kuna mkimbizi anayelipwa nusu ya mshahara kwa sababu hawezi kwenda polisi kushtaki. Mwajiri wake huenda anakaa nasi benchi moja Jumapili. Huenda ni sisi wenyewe.

6. Tutende nini?

Tunawaomba mambo matatu. La kwanza, kila jumuiya iwajue wageni walio katika eneo lake kwa majina, wawe Wakatoliki au wasiwe. La pili, kila parokia iwe na watu wawili au watatu wanaojua sheria za kazi na uhamiaji za nchi yetu kiasi cha kumwonyesha mtu mlango wa kubisha, na wajue kwa wakili gani wa msaada wa kisheria watampeleka. Postville ilifundisha kwamba siku saba ni chache mno kama hujajiandaa. La tatu, tuanze nyumbani mwetu: aliyetufanyia kazi alipwe kwa wakati, apumzike, aende kanisani au msikitini, na aitwe kwa jina lake.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Ni kazi zipi katika mtaa wetu zinazofanywa na watu tusiowajua kwa majina? Kwa nini hatuwajui?
2. Je, ingekuwa watu 389 wa eneo letu wamekamatwa asubuhi hii, jamaa zao wangekimbilia wapi? Je, wangeikuta parokia yetu imefunguliwa?
3. Katika matendo ya parokia ya Mtakatifu Brigida, yapi yalikuwa ya huruma na yapi yalikuwa ya haki? Jumuiya yetu imezoea yapi?
4. Mwajiri, serikali, wakazi wa mji: kila mmoja aliwajibika kwa kiasi gani? Na sisi tunaonunua bidhaa bila kuuliza imetengenezwa na nani, twawajibika kwa kiasi gani?

Ndugu wapenzi, tumewapeleka mbali ili turudi karibu. Mungu, anayetuita kila mmoja kwa jina, atupe macho ya kumwona mgeni na ulimi wa kumsemea.